Kwa mama wa supu Mwanjelwa: rivyu ya mtu asiyesikia ladha na mdomo mkavu

Jamani kuna kibanda cha supu na msosi wa mchana hapo Mwanjelwa, upande wa nyuma ya soko, ukishuka Kabwe unatembea kidogo unapita mafundi cherehani alafu unaanza kuona moshi. Hakina bango, watu wanasema tu kwa mama wa supu na ukimuuliza bodaboda yeyote anakupeleka. Wengi washakisifia, na wote wanaosifia wanaongelea ladha. Mi naomba niwape tathmini ya aina nyingine kabisa kwa sababu kipindi chote nilichokuwa nakula pale ladha nilikuwa siisikii na mdomo ulikuwa mkavu kiasi kwamba kipande cha chapati kinanata kwenye kaakaa mpaka nikisukume kwa kidole, mbele za watu, nimevaa shati la kazini.

Ilianza na yale mafua ya mwanzo wa baridi, mwezi wa sita, kipindi ambacho daladala za Mbeya kila siti mtu anakohoa. Homa, mwili kuuma, nkapima ikasoma korona. Ndio, bado ipo, Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba dharura imekwisha lakini kirusi chenyewe hakijafunga ofisi. Homa ikaisha, kikohozi kikaisha, nkarudi kazini, ila harufu na ladha vikaondoka bila kuaga na mate nayo yakapungua, usiku naamka ulimi umegoma kusogea, na hii baridi yetu kavu ya huku juu, mita kama 1,700 toka usawa wa bahari, upepo unashuka kutoka Loleza, haisaidii chochote.

Sasa utaniuliza we unatathmini nini kama husikii ladha. Ngoja nieleze kidogo maana nimejifunza vitu ambavyo na umri huu wote nilikuwa sivijui. Ulimi peke yake kazi yake ni ndogo, unatambua tamu, chumvi, chachu, chungu na ule utamu wa nyama na mchuzi mzito ambao wataalam wanauita umami, basi. Vingine vyote tunavyovisifia, kwamba hii supu ina pilipili manga, huu wali umetiwa hiliki, hizi ndizi zimepikwa na maziwa, hiyo ni pua inafanya kazi kwa mlango wa nyuma, harufu inapanda kutokea kooni wakati unatafuna. We jaribu hapo ulipo, ziba pua ule ndizi mbivu, utasikia utamu na ulaini tu, undizi hamna. Korona yenyewe inachofanya ni kuingia puani kwenye seli zinazozihudumia zile neva za kunusa, seli hizo ndo zina mlango ambao kirusi kinaupenda, unaitwa ACE2, wakati neva zenyewe hazina. Lakini wahudumu wakiugua wote mgahawa unafungwa hata kama mpishi ni mzima. Na tezi za mate nazo mlango huohuo zinao, 2021 watafiti walitoa kazi yao kwamba wamekikuta kirusi humohumo ndani ya tezi. Kwa hiyo ukipata vyote viwili kwa mpigo usidhani umelogwa.

Na haya mate watu tunayachukulia poa sana. Mtu mzima mwenye afya anatoa kama nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku, na chumvi au sukari haisikiki kwenye ulimi mpaka iyeyuke kwanza kwenye mate ndo iingie kwenye vile vipele. Mate yakikauka hata ule ulimi uliobaki mzima unakuwa kama hauna kazi. Alafu mate ndo yanayolinda meno, yanasuuza, yanapunguza ukali wa asidi, yanarudisha madini. Hilo niliambiwa na daktari wa meno na ntalirudia mbele kwa sababu linahusu ile pipi mama anakupa kama chenji.

Kitu ambacho hakipiti kwa ladha wala kwa harufu ni muwasho wa pilipili, ule ukali wa tangawizi, ubaridi wa minti, hivyo vinabebwa na neva nyingine kabisa, trijemino, ile inayobeba hisia za uso na mdomo, ambayo kwangu ilikuwa iko freshi. Pia joto, ubaridi, ulaini, ukwaruzo, kitu kinachotafunika na kisichotafunika. Basi hivyo ndo vigezo vyangu, pamoja na bei, usafi, na jinsi mwenye kibanda anavyomchukulia mteja msumbufu, na mi nilikuwa msumbufu kwelikweli.

Tuanze na supu. Supu ya ng'ombe buku mbili na nusu, ukitaka kongoro buku tatu. Inakuja ya moto inayochemka, sio vuguvugu la sehemu nyingine ambazo supu imekaa kwenye chupa toka alfajiri, hii anakuchotea kwenye sufuria lipo jikoni. Kwa mtu mwenye mdomo mkavu hiki ndo chakula namba moja na sioni ushindani, maana inakuja na maji yake, haikudai mate. Kongoro nayo ina ule utelezi wa gundi unaopaka mdomo mzima na kukaa, baada ya bakuli moja najisikia nafuu muda mrefu kuliko chupa ya maji. Maji ukinywa yanapita tu, dakika chache umekauka tena, ila ule utelezi unabaki. Nyama ya ndani sasa, chagua. Steki inakuwa nyuzi nyuzi, unatafuna unatafuna haikusanyiki kuwa tonge, mwombe akuwekee zilizo na mafuta kidogo au kano zilizoiva. Mama anachemsha vizuri mpaka kano zinakatika kwa kijiko, hapo nampa maksi zote.

Sasa chumvi. Siku za mwanzo nilikuwa nikikaa tu naomba chumvi, naweka, naonja, sisikii, naongeza. Mama akawa ananiangalia. Ikafika mahali akaja akaichukua kopo lote.

"Baba, chumvi imo. Supu haina shida, mwenye shida ni we."

Meza nzima ikacheka. Mi nikamweleza kilichonipata, akasema aah, basi, mbona hukusema mapema, mdogo wangu naye ilimkuta hiyo, na toka siku hiyo chumvi akawa ananipimia yeye mwenyewe. Watu mnaweza kuona ni kitu kidogo ila fikiria, mtu asiyesikia ladha anaweza kula chumvi ya siku tatu kwenye bakuli moja na asijue, na presha huku kwetu sio kitu cha kutafuta. Sukari kwenye chai hivyohivyo, unaweka vijiko mpaka kijiko kinasimama. Ukipoteza ladha tafuta mtu mmoja unayemwamini awe ndo ulimi wako, mi wangu nilimpata kwa mama wa supu.

Chapati ni jero, zinapikwa palepale, kwa kuziangalia ni nzuri, zimechambuka, wateja wengine wanazigombania. Kwangu mi sifuri, sio kosa lake. Chapati kavu, mkate, maandazi, viazi vya kukaanga, hivyo vyote vinataka mate mengi na mi nilikuwa sina. Ukitaka chapati ikatie ndani ya supu uiache ilowe mpaka ilegee, hapo inashuka. Kuna mzee mmoja meza ya pembeni alishangaa sana, anasema unaiharibu chapati ya watu, mi nikamwambia shikamoo mzee, ngoja nile kwanza.

Mchana ndo kuna ndizi. Ndizi za Tukuyu zilizopikwa na nyama, mbalaga kwa wenyewe, zinakuja na rojo zito, laini, ukiweka mdomoni zinayeyuka bila kazi. Buku tatu sahani, na sahani imejaa. Hiki ndo chakula nilichokula zaidi kuliko vyote baada ya supu na hata sasa nikifikiria ule ulaini nataka kunyanyuka. Sikujua kama zina nazi au karanga, nilimuuliza akasema karanga, nikamwamini. Pembeni anaweka kipande cha parachichi ukitaka, bure kipindi cha msimu kwa sababu huku Rungwe na Njombe maparachichi yamejaa, na parachichi kwa mdomo mkavu ni dawa, linateleza, halina asidi, halichomi. Mwulize mtu yeyote mwenye vidonda mdomoni.

Wali ndo ulinitia huzuni. Anatumia mchele wa Kyela, ule wenyewe, ukifunua sufuria mtaa mzima unajua. Wenzangu wanavuta pumzi wanasema mmh, mi naona mvuke tu. Ukiutoa harufu wali wa Kyela unabaki punje laini zilizoshikana, ni sawa na mchele wowote wa bei rahisi, kwa hiyo kama pua yako haijarudi usilipie hela ya Kyela, kula ndizi. Na wali bila mchuzi wa kutosha unatawanyika mdomoni kila punje inaenda kwake. Omba maharage yawe na maji. Anakuongezea mchuzi bila kununa, nimeshakula sehemu nyingine mjini humu ukiomba mchuzi wa nyongeza mhudumu anakuangalia kama umemtukana, hapa hamna hiyo.

Ugali unategemea, ule wa sembe mgumu unanata, ila ukiubonyeza kwenye mlenda unashuka wenyewe. Mlenda upo siku za katikati ya wiki tu. Nyama choma ya pale nje sitaiongelea sana, ukiwa na mdomo mkavu ni kutafuna gome la mti na kulipia.

Mtindi! Kuna maziwa mgando yanatoka Rungwe, kikombe cha plastiki buku, baridi, mazito. Uchachu nilikuwa nausikia, ndo ladha ya kwanza kurudi kwangu kwa nguvu, na ubaridi ule kwenye ulimi unaowaka ni raha ambayo siwezi kuielezea. Na hapa lazima niseme jambo la hatari kidogo. Mtu asiyesikia harufu hawezi kujua maziwa yamechacha vibaya, hajui maharage ya jana yameharibika, hasikii gesi inavuja nyumbani, hasikii kitu kinaungua jikoni. Mi nyumbani nilihamisha mtungi wa gesi nkauweka nje kwenye kibaraza na kila kiporo namuonjesha mke wangu kwanza. Pale kwa mama, kila akinipa mtindi ananusa kwanza yeye mbele yangu, anaitikia kwa kichwa kwamba uko sawa, ananipa. Simwombi, anafanya tu.

Pilipili sasa. Yule mama ana pilipili ya kusaga, ile kichaa, imewekwa limao na vitunguu maji, na kwa mtu ambaye hasikii kitu kingine chochote unaona ndo rafiki pekee uliyebaki naye. Kijiko cha kwanza mdomo mzima unaamka, machozi yanatoka, makamasi yanatoka, na hata mate kidogo yanakuja. Lakini mdomo mkavu hauna ile ngozi ya mate ya kuulinda, unaungua kikweli, baada ya siku chache nikawa na michubuko pembeni ya ulimi na kwenye pembe za midomo. Daktari akasema punguza, na akasema vilevile kuhusu ndimu, kwa sababu ndimu inaleta mate ndio ila asidi yake inakula meno ambayo tayari hayana ulinzi. Saivi naweka tone kwenye supu ya moto, siing'ati tena. Tangawizi kwenye chai ni nzuri zaidi, chai ya rangi ya pale ni jero, tangawizi imepondwa sio ya unga, inakwangua koo vizuri na haichubui.

Kuna kipindi cha katikati ambacho ni kibaya kuliko kutosikia kabisa na nataka mkijue kabla hakijawakuta. Pua ilipoanza kurudi ilirudi kichwa chini miguu juu. Vitunguu vikikaangwa nasikia mpira unaungua. Kahawa, mi mtu wa kahawa ya Mbozi, nikawa naisikia uozo, nyama ya kukaanga uozo, mayai uozo, vitunguu swaumu ndo usiseme. Wataalam wana jina lake, parosmia, na vitu vinavyoichokoza zaidi ndo hivyohivyo, kahawa, vitunguu, vitu vya kukaangwa na kuchomwa. Sasa kibanda cha mama ntilie ni vitunguu kwenye mafuta kuanzia saa kumi na mbili asubuhi! Nilisimama nje nikashindwa kuingia. Mama akaniwekea kiti huko nje upande upepo unakotokea, akaniletea uji wa ulezi na mtindi, akasema kaa hapo mpaka pua yako itulie. Chakula cha baridi au vuguvugu kisichokaangwa ndo kinapita kipindi hiki, uji, mtindi, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha vimepondwa na maziwa, na viazi vya Uyole na Umalila vinapondeka vizuri. Hali hiyo sio mbaya kiafya, mara nyingi ni dalili kwamba neva zinaota upya na zinajifunza, ila mdomoni ni adhabu.

Na mama huyuhuyu ndo alinipa karafuu. Nilikuwa nimesoma kwamba kuna mazoezi ya kunusa, yalijaribiwa Dresden Ujerumani na daktari Thomas Hummel na wenzake, walitoa matokeo 2009, unanusa harufu nne, waridi, limao, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni kwa wiki 12, kila harufu sekunde chache huku unaikumbuka ilivyokuwa zamani. Ni kitu cha bure kabisa na hakina madhara. Mikaratusi huku imejaa, nilivunja majani barabarani, limao sokoni, marashi ya waridi nkamwazima jirani, karafuu mama akanimiminia kwenye karatasi, akasema hizo za Pemba, nusa. Nilinusa sana, mwanzoni ni hewa tupu, baadaye karafuu ikawa kama inachoma tu, baadaye zaidi ndo ikaanza kuwa karafuu. Siwezi kuapa kwamba ni mazoezi au ni muda wenyewe umefanya, watu wengi hurudiwa na harufu ndani ya wiki au miezi hata wasiponusa chochote. Wale mnaotaka kurudia nyungu za 2020, mvuke unalainisha pua na koo kwa muda na unajisikia vizuri, ila haurudishi neva, na maji ya moto yashaunguza watu, kuwa mwangalifu.

Hapa nitoke nje ya kibanda kidogo kwa sababu msosi peke yake hautoshi. Niliingia duka moja la dawa mjini nikamwambia yule dada mdomo umekauka, akaniuzia dawa ya kusukutua yenye pombe ndani, inawaka kama spiriti, ikanikausha zaidi. Kama una tatizo hili soma kwenye chupa, tafuta isiyo na alkoholi, au sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea kidogo, ni rahisi na inatuliza. Alafu angalia vidonge unavyokunywa. Zile dawa za mafua za kukausha makamasi na kuleta usingizi, klorofeniramini na ndugu zake, zinakausha na mate pia, mi nilikuwa bado naendelea kuzimeza wakati mafua yalishaisha, nilipoacha nikapata nafuu siku hizohizo. Dawa za presha za kukojosha, na amitriptilini wanayopewa watu wa maumivu na usingizi, nazo zimo kwenye hilo kundi, ila hizo usiache mwenyewe, ongea na daktari wako kwanza.

Kilichonisaidia kweli ni bigijii isiyo na sukari, inapatikana supamaketi, tafuta iliyoandikwa zailitoli (xylitol), ile sukari mbadala isiyoozesha meno. Kutafuna kwenyewe kunaziamsha tezi za mate, kama bado zina uhai. Karoti mbichi au kipande cha tango vinafanya kazi inayokaribiana na hiyo na sokoni ni vya bei ya chini. Vidonge vya zinki kila mtu ananishauri, mi nikasoma nikaona tafiti zake zinapingana, nikaacha hela yangu mfukoni. Na sio korona peke yake, matumbwitumbwi ni kirusi kinachovimbisha tezi za mate moja kwa moja, virusi vya Ukimwi na homa ya ini ya C navyo vinaweza kukausha mdomo. Kisukari vilevile, kama kiu haiishi na unakojoa usiku kucha kapime sukari, usikae unasema ni korona.

Sasa lawama kwa mama, maana rivyu ya kusifia tu ni tangazo. Kwanza moshi. Jiko ni la mkaa na kuni, limewekwa mbele na upepo ukigeuka moshi wote unaingia ndani walipo wateja, na moshi ni adui wa mdomo mkavu na wa pua inayojitafuta, ahamishe tu jiko nyuma nafasi ipo. Pili maji ya kunywa. Jagi lipo mezani, safi, lakini moja kwa meza tatu, unaomba unasubiri, na mtu kama mi naomba maji kila tonge la tatu, nikaanza kuja na chupa yangu. Tatu, chenji. Asubuhi hana chenji, anakupa pipi, na pipi ya sukari kwa mdomo usio na mate ni kuyaoza meno kwa makusudi, daktari wangu alikunja uso niliposema. Mwambie aandike deni, analikumbuka. Redio nayo inapigwa kwa sauti ya mnadani lakini hilo ni la kila kibanda Mbeya nzima. Usafi uko vizuri, kuna ndoo ya kunawia yenye koki na sabuni, sahani zinasuuzwa kwa maji ya moto, sijaumwa tumbo hata mara moja, na kwa mtu ambaye hawezi kunusa kilichoharibika hilo ni jambo kubwa.

Foleni ni saa moja mpaka saa mbili na nusu asubuhi, ukienda saa nne supu imebaki ya chini, nzito zaidi, na mi naona ndo tamu, yaani laini, maana wakati huo tamu nilikuwa siijui. Jumapili amefunga, anaenda kanisani. Kongoro huisha mapema Jumamosi kwa sababu ya wale waliokesha, ukitaka mpigie aweke bakuli lako pembeni, namba yake ukifika atakupa mwenyewe.

Saivi ladha imerudi, sio yote, kahawa bado naipita mbali, ila juzi kati nimekula ule wali wa Kyela pale na harufu nikaisikia toka mlangoni. Kwa wenye pua nzima maksi zake ni nane na nusu juu ya kumi, karanga kwenye ndizi zimezidi kidogo. Kwa mwenye mdomo mkavu na ladha iliyopotea nampa tisa na nusu, ile nusu nitampa akihamisha jiko. Agiza kongoro, mwambie mapema una shida gani ili asikuwekee pilipili, kaa kiti cha nje, na ukimaliza mwambie ndaga fijo mama, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, ataongeza mchuzi.